Kabla Hujasema Kadi Imekufa

Mwanangu, habari ya fremu ya ufundi wa kompyuta uliyopata Mbagala Rangi Tatu imenifikia na imenifurahisha. Baraka umeomba, nazo unazo. Umeomba na ushauri pia, na hapo nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa umesema wateja unaowalenga ni watu wa skrini mbili.

Hao ni wengi kuliko unavyodhani. Mhariri wa video za harusi kule Sinza anachezesha mkanda wake skrini hii na kupanga vipande vyake skrini ile. Mwenye stationeri Tandika amefungua tovuti ya maombi ya ajira upande mmoja na vyeti vya mteja upande wa pili, na foleni imejaa mlangoni. Mtengeneza midundo ya singeli Tandale hataki tena kufungua na kufunga madirisha kila dakika. Mmoja wao akipoteza skrini moja, nusu ya kazi ya siku imesimama. Atakuja kwako anahema, boksi la kompyuta kalipakata kwenye bodaboda, na atakwambia, "Fundi, kioo kinacheza."

Mafundi wengi humjibu hapohapo: "Kadi imekufa." Neno hilo ndilo ninalokuomba ulicheleweshe.

Kadi ya picha mara nyingi ndiyo kitu cha bei kubwa katika msafara wote unaopeleka picha kwenye kioo, na ndicho ambacho mteja hana namna ya kukikagua. Ukimwambia imekufa atakuamini. Atakopa kwenye kikoba, atakwenda Kariakoo, atanunua nyingine. Ikiwa kumbe ni pini moja ya waya iliyopinda, umemtoa hela ya ada ya mtoto kwa sababu tu hukutaka kuinama dakika tano.

Na mteja wa skrini mbili ana jambo ambalo mwenye skrini moja hana: amekuletea kipimo pamoja na ugonjwa. Mwambie aje na vyote, skrini zote mbili na nyaya zake zote. Usifungue boksi. Zima, kisha badilishana nyaya upande wa kadi tu, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, na nyuma ya skrini usiguse kitu. Washa. Ubovu ukihamia skrini ya pili, tundu la kadi lina la kujibu. Ukibaki kwenye skrini ileile, iache kadi kwanza, shaka iko kwenye waya au kwenye skrini. Rudisha nyaya kama zilivyokuwa, sasa badilishana zile ncha za upande wa skrini. Ubovu ukihama, ni waya. Ukikataa kuhama, ni skrini yenyewe.

Sharti lake ni kubadili kitu kimoja, kutazama, ndipo ubadili kingine. Kijana mwenye haraka hubadili waya, hupiga Windows upya na kupuliza kadi, vyote kwa mkupuo. Picha ikirudi hajui kilichoirudisha. Wiki ijayo ikipotea tena anaanza upya, na safari hii mteja amemsimamia kichwani akiwa na mashaka. Kama tundu moja ni HDMI na jingine ni VGA, kubadilishana hakutawezekana. Hapo utatumia waya wako wa akiba, ambao umeujaribu mwenyewe na unajua ni mzima. Waya uliookotwa kwenye boksi la vikorokoro hauwezi kumpima mwenzake.

Kuna kipimo kingine cha kidole tu. Kila skrini ina menyu yake, ile ya mwanga na rangi inayotokea ukibonyeza vitufe vya ukingoni. Menyu ile haitoki kwenye kompyuta, skrini huichora yenyewe. Iite wakati mistari ipo. Mistari ikipita juu ya menyu, ugonjwa ni wa skrini. Menyu ikitulia safi huku picha nyuma yake imechanika, skrini haina kosa, inaonyesha tu kile inacholetewa. Halafu piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi na uitume kwenye simu yako kwa WhatsApp. Ukiikuta simuni ina madoa yaleyale, madoa yamezaliwa ndani, kwenye kadi au kwenye draiva yake. Ikifika safi, uchafu umeingia baada ya picha kukamilika, kwenye tundu, kwenye waya au kwenye kioo. Na itazame nembo ya kiwanda mashine inapowaka, kabla Windows haijaamka. Saa ile draiva haijaanza kazi, kwa hiyo madoa yakionekana pale, kupiga Windows ni kumpotezea mtu muda na mafaili yake.

Waya wa VGA nitaukalia kidogo, maana kwenye mitaa yetu bado unafanya kazi kubwa. Kichwa chake kina pini 15 kwa safu tatu. Ya kwanza hubeba nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Bluu ikikatika, ukurasa mweupe unageuka njano. Nyekundu ikikatika, unakuwa wa samawati yenye kijani. Kijani kikikatika, unakuwa wa zambarau inayoelekea waridi. Kwa hiyo mteja akikupigia kwamba skrini ya kulia imekuwa njano yote, mwambie azime, achomoe waya na atazame pini za safu ya juu, kabla hajapanda daladala kuja kwako. Nyaya nyingi hazina pini ya 9 tangu kiwandani, usimtishe mtu kwa hilo. Lakini pini ya 12 au ya 15 ikikosekana, kompyuta haitaweza kusoma jina na uwezo wa skrini, nayo itaishia kuonyesha maandishi makubwa yaliyovimba. Watu wengi hapo hulaumu draiva.

Alikuja kwangu dada mmoja wa Mwananyamala mwenye studio ya picha za pasipoti. Nyuso za wateja wake zilikuwa zinatoka na unjano kwenye skrini ya pili, kazi ikawa haifanyiki, na fundi wa kwanza alishamwambia atafute kadi. Nilipoutazama waya kwa tochi ya simu, pini ya tatu ilikuwa imelala kabisa, imebanwa chini na mtu aliyelazimisha kichwa kuingia kikiwa kinyume. Niliinyanyua kwa ncha ya sindano, kidogo kidogo, maana pini zile ukizikunja mara ya pili hukatika. Nilipochomeka na kuwasha, weupe ulikuwa umerudi. Alinilipa ya kazi ya waya, na tangu hapo ndugu zake wote wenye kompyuta wamekuwa wateja wangu.

Mashine nyingi utakazoletewa zilianza maisha kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex na HP Compaq, kisha zikatufikia kama mitumba. Ndani ya baadhi yake kuna kadi fupi za kiofisi, kama NVIDIA Quadro NVS 290 ya mwaka 2007, zenye tundu moja pana linaloitwa DMS-59. Hesabu vijitundu vyake: safu nne za 15, kasoro kimoja. Tundu hilo moja hubeba skrini mbili, na linataka waya maalumu wenye kichwa kimoja na mikia miwili. Waya huo ndio hupotea kwanza njiani. Ukikutana nao kwenye meza za mitumba Kariakoo, nunua hata kama siku hiyo huna mteja wake. Na mkia mmoja ukizingua, usiseme kadi mpaka umejaribu waya mwingine wa aina hiyo, kwa kuwa pale kwenye njia panda ya mikia ndipo unapokatika ndani kwa ndani, kwa jinsi watu wanavyoukunja nyuma ya meza.

Yapo pia makosa ya kuchomeka tu. Mteja kaweka waya mmoja kwenye kadi na mwingine kwenye tundu la mazabodi. Mashine nyingi zikishaona kadi hulifunga tundu la mazabodi zenyewe, na skrini ya pili inabaki nyeusi. Hamishia nyaya zote kwenye kadi, au ingia BIOS ulifungue. Waya wa bei ya chini unaotoka DisplayPort kwenda HDMI hupeleka picha upande mmoja tu, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda skrini yenye HDMI. Ukiugeuza hauna kazi, wala haujaharibika.

Sasa nisikilize kuliko yote niliyokwambia, maana hapa pana kifo cha vifaa na pana hatari ya mtu.

Sisi wa rika langu mikono yetu ilifundishwa na TV za chogo. ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, kila mtaa ulitaka runinga, na nyuma ya kioo kile kulikuwa na umeme wa maelfu ya volti. Tulifundishwa woga kabla ya kufundishwa kazi. Ninyi mmekuta skrini bapa, nyepesi, na mnachomoa na kuchomeka kila kitu mashine ikiwa inawaka. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Pawa saplai ya kompyuta ina vichujio ndani vinavyotupa uchafu wa umeme kwenye waya wa ethi. Nyumba nyingi za kupanga huko Buza, Yombo, Tandale na kwingineko, soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna ethi iliyofika ardhini, au mtu anatumia plagi ya pini mbili. Uchafu ule unakosa pa kwenda. Bati la kompyuta linabaki linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana mteja hukwambia, "Ukiigusa peku inapiga shoti kidogo," halafu anacheka. Mfundishe asicheke. Mtu anayetekenywa na umeme ule kwa kawaida anaondoka mzima, lakini tundu la HDMI linaweza kufa nao. Ukichomeka waya huku kompyuta ikielea kwenye volti zake na skrini ikielea kwenye zake, tofauti hiyo inaweza kupita kwenye pini za picha. Ndiyo sababu utaletewa kadi yenye tundu moja zima na jingine limekufa, na mwenyewe anaapa kwamba alichofanya ni kuhamisha meza tu.

Kwa hiyo kwenye fremu yako, na kwa kila mteja, nyaya za skrini zisiguswe mpaka kompyuta na skrini zote mbili zimezimwa ukutani, siyo kwa kitufe cha mbele tu. Na vyote vitatu vikae kwenye ekstensheni moja. Skrini moja ikichomekwa soketi ya chumba hiki na nyingine soketi ya chumba kile, kwenye VGA utaona ukanda mpana wa kivuli ukipanda polepole kwenye picha, usiku na mchana. Hakuna draiva itakayouondoa. Chukua multimita yako upime soketi. Kati ya moto na ethi unatakiwa kusoma karibu na volti 230, na kati ya nutro na ethi volti chache mno. Moto na ethi ikisoma kidogo au ikiwa inarukaruka, ethi hakuna. Usijaribu kuitengeneza wewe. Mwambie mteja amtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, azamishe nondo ya ethi ardhini na kuipima. Mwandikie kabisa kwenye karatasi, akamwonyeshe mwenye nyumba.

Kuhusu nguvu ya umeme ndani ya boksi sitasema sana. Tundu la mazabodi linalobeba kadi hutoa hadi wati 75, na mashine ndogo za ofisi nyingi zina pawa saplai ya wati 240 tu kwa kila kitu. Kijana akinunua Radeon RX 580, ambayo peke yake inataka wati 185, akailazimisha kwenye mashine kama hiyo kwa waya wa kuungaunga, skrini zitawaka vizuri kwenye ukurasa mtupu na kuzimika zote mbili mara tu video inapoanza kutengenezwa. Hapo kadi haina ugonjwa, ina njaa. Usimuuzie nyingine ya aina hiyohiyo.

Vumbi la kwetu lina mafuta ya jikoni na chumvi ya bahari ndani yake, na unyevu wa pwani hauna huruma na shaba. Chomoa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli taratibu, pangusa kwa spiriti na uirudishe mpaka usikie kifungo kimelia. Unapopuliza kwa bloa, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kazi hiyo fanya baada ya vile vipimo vya nje, siyo kabla.

Draiva nayo ina siku zake. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kadi itaanza kazi upya bila kuzima mashine. Picha ikirudi kwa njia hiyo umepata dokezo. Ondoa draiva ya zamani yote, chukua nyingine kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi, na usipokee draiva za kwenye flashi za watu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi watakuja uvumilivu umewaishia, wanataka kupigiwa Windows 11 kwenye mashine za zamani. Kadi kuukuu ikikosa draiva, Windows huweka draiva yake ya msingi, na hiyo huendesha skrini moja tu. Mteja ataona skrini ya pili imekufa siku ileile aliyokuja kwako. Mweleze kabla hujaanza, na mhifadhie mafaili yake kwanza.

Lipo jambo la kuoka kadi, na najua vijana wenzako wanalisifia. Julai 2008 NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake, hasa za laptop, ambazo viungo vyake vidogo vilikuwa vinachoka kwa kupata joto na kupoa. Kadi iliyofia hapo ukiitia moto, viungo vinaweza kugusana tena na picha ikarudi. Inaishi siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha inarudi kulekule. Kuna wanaoziuza kadi hizo kama zilizotengenezwa. Usiwe mmoja wao, mwanangu. Kama mteja ana kazi ya harusi Jumamosi na hana hela, unaweza kumwambia wazi kwamba unaipasha moto impe siku chache za kuhamisha mafaili na kumaliza kazi, na kwamba haina dhamana. Akikubali akijua, sawa. Wala usitumie jiko linalopika chakula cha watoto, moshi wa ubao ule ni sumu.

Kabla hujanunua kadi ya kuuza, iweke kwenye mashine na ufungue programu ya GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo hutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina, chipu ya zamani ikapewa jina la GTX 1050 Ti ndani ya programu yake ya kiwandani. Kadi hizo zinadanganya hata Windows. Muuzaji akikataa usiifungue dukani kwake, ondoka.

Ugonjwa utakaokusumbua kuliko yote ni ule unaojificha. Mashine inazingua nyumbani, ikifika kwako inafanya kazi siku nzima, mteja anaonekana mwongo na wewe unaonekana hujui. Usimbishie. Muulize ni saa ngapi inatokea, nini kingine kinawaka saa hiyo, skrini zote mbili au moja, inarudi yenyewe au mpaka azime. Mhariri mmoja wa Yombo alikuwa anapoteza skrini ya HDMI kwa sekunde mbili, kisha inarudi, na hivyo jioni nzima. Nilikwenda kwake jioni hiyohiyo. Friji la duka la mkewe lilikuwa kwenye ekstensheni ileile, na kila kompresa iliposhtuka kuanza, kioo kilizimika. Nilihamishia friji soketi yake, nikaubadili ule waya mrefu mwembamba wa HDMI kwa mfupi mnene, kazi ikaisha bila kugusa kadi.

Safari za namna hiyo utazifanya nyingi. Beba multimita, waya mmoja mzima wa kila aina, na tochi. Na kabla hujatoka fremuni mwambie mteja kwamba kumfuata nyumbani kuna malipo yake, na kwamba atalipa hata ukikuta tatizo ni plagi.